Jani Chini ya Gunia la Makala

Agathe alikuwa na ulimi, hilo hata waliomchukia pale sokoni Nyawera, mjini Bukavu, walilikubali. Mteja akija kuuliza bei ya kitenge tu, anaondoka na kitenge, na juu yake ameshauriwa namna ya kumtunza mume. Lakini jambo alilopenda kulisema kuliko vitenge vyenyewe lilikuwa ngozi ya bibi arusi. Marehemu mama yake, Mama Adélaïde, ndiye aliyewatengeneza mabibi arusi wa nusu ya mtaa, na Agathe alitembea na sifa za mama yake kama zake. Kumbe mama alipokuwa akikata majani ya mshubiri nyuma ya nyumba, huyu binti alikuwa mbele ya kioo, anajitazama.

Mshubiri wenyewe ulikuwa na ukoo wake. Mama Adélaïde alisimulia kwamba bibi yake aliupata kwa wapagazi waliotoka upande wa Ujiji, watu waliobeba mizigo mpaka mabega yakachubuka. Hawakuanza safari bila chipukizi la mshubiri ndani ya furushi. Wakifika kambini wanapasua jani, wanaweka ute wake begani, kesho wanabeba tena. Baadaye mapadri nao waliupanda kwenye bustani ya misheni, wakauita aloès. "Sasa banasema njo bo balituletea," Mama Adélaïde alikuwa akiwasema mapadri, anacheka mpaka machozi. Aliupenda mmea ule kuliko kuku wake. Mtoto akiungua na uji, mshubiri. Mkulima akikatwa na jembe, mshubiri. Na bibi arusi anapoingizwa ndani kungoja siku yake, mshubiri kwanza kutuliza ngozi, ndipo mafuta ya ng'ombe kuing'arisha.

Sasa mama amekufa, amebaki Agathe, mjane, anaishi kwenye parcelle moja, ua mmoja, na kaka yake Venant. Ilikuwa miaka ile ambayo serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu. Kwenye kitambulisho Agathe alikuwa citoyenne, yaani raia, Nabintu, lakini ukimwita hivyo nyumbani haitiki. Binti wa Venant, Colombe, alichumbiwa na Placide, kijana mpole aliyefanya kazi ofisini posta. Agathe aliposikia kwamba watu wa upande wa kijana wanakuja kujitambulisha, akashikwa na wazimu wa usafi. Alikuwa ameona waridi kwenye villa za Muhumba, mtaa wa matajiri, naye akataka waridi. Akang'oa mshubiri wa mama yake wote, mizizi na vipukizi, akautupa kwenye shimo la takataka.

Mama wa kijana, Eulalie, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye miwani. Siku ile ya kujitambulisha aliinuka kwenda msalani, akarudi ameshika mmea wenye udongo, mikono imechafuka.

"Mama Agathe, hii munatupa?"

"Ile? Ah, ile ni bichafu. Chukua tu, mama."

"Nitaipanda ku pot. Nilisoma kama batu ba Misri ya zamani balikuwa banajipaka hii, hata ba malkia yabo."

Agathe akacheka, na alipocheka yeye, nyumba nzima ilicheka. "Ku pot! Maîtresse, wewe utaweka mushubiri ku pot kama maua ya bazungu?" Yeye aliyeng'oa ili apande waridi! Eulalie akatabasamu tu, akaufunga mmea kwenye gazeti.

Mwezi wa arusi ukakaribia, Colombe akaingizwa ndani kama desturi inavyotaka, asitoke, asipigwe jua. Ni shangazi wa upande wa baba ndiye anayemshughulikia bibi arusi, na upande wa kijana ndio unaoleta mafuta. Eulalie akaleta kibuyu kizuri, mafuta safi ya ng'ombe wa kaka yake aliyeko Walungu. Venant akakipokea, akamgeukia dada yake mbele ya wageni.

"Dada, utamufanyia mutoto kama mama alifanyaga? Mushubiri kwanza, mafuta nyuma?"

Hapo angesema ukweli. Angesema: kaka, ule mmea niliutupa wote, uliobaki uko kwa huyu maman aliyekaa hapa mbele yako. Maneno machache tu, watu wangecheka, ingekwisha. Lakini kuomba kwa yule ambaye yeye mwenyewe alimcheka? Kwa mkwe? Agathe akajivuta kwenye kiti, akasema, "Sasa nani mwingine anajua kuifanya kama si mimi?"

Kesho yake alifunga meza yake ya sokoni mapema, akapanda Muhumba. Alikumbuka villa moja ambayo mzungu mwenyewe aliondoka baada ya zairianisation, serikali ilipowanyang'anya wageni mali zao. Kwenye ua wake palikuwa na mimea yenye majani manene, marefu, yenye miiba pembeni. Mshubiri si ndio huo? Jani nene, miiba, ncha kali. Akatoa kisu, akakata jani moja la mmea mdogo, akalifunga kwenye kitenge, akashuka haraka kabla mlinzi hajauliza.

Mkono ulianza kumwambia akiwa bado njiani. Uliwasha. Alipofika jikoni na kulipasua jani, hakuona ule utomvu wa manjano, mchungu, ambao mama alikuwa akiungoja utiririke wote, jani limesimamishwa ndani ya kikombe. Hakuona ute mzito unaovutika. Yalitoka maji tu, na pembeni nyuzi nyeupe, ngumu, kama za kamba. Agathe alizitazama zile nyuzi. Alijikuna. Ndani ya chumba Colombe alikuwa anamwita, na wanawake wa mtaa wameshakaa kwenye mikeka kumwona binti wa Adélaïde akifanya kazi ya mama yake. Akaosha mkono wake kwa sabuni, akachukua nusu ya jani, akaingia.

"Tantine, inachoma kidogo," Colombe alisema alipopakwa usoni na mabegani.

"Vumilia. Urembo haikuyake bure."

Juu yake akapaka mafuta ya Eulalie, na wanawake wakapiga vigelegele.

Asubuhi Colombe alikuwa hafungui jicho la kushoto. Uso ulikuwa umevimba, mwekundu, na kwenye mashavu na mabega vimetoka malengelenge. Mtoto wa watu alikuwa analia bila sauti, maana kulia kwa sauti kulimvuta ngozi. Venant alisimama mlangoni, nyumba ikajaa majirani, na kabla mtu hajauliza swali la maana, mmoja akalitoa lile neno linalotisha Bukavu nzima: karuho. Sumu. Sumu ya watu wabaya, inayowekwa kwenye kinywaji, kwenye chakula, na sasa, jamani, kwenye mafuta ya bibi arusi.

"Mafuta ilitoka kwa nani?" Venant aliuliza. Alikuwa anajua ilitoka kwa nani.

Macho yote yakaja kwa Agathe. Alifungua mdomo. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya kitenge, nao bado ulikuwa na vipele.

"Mimi sijue," akasema. "Nilipaka ile balituletea."

Nusu ya jani iliyobaki ilikuwa jikoni. Alikwenda akaisukuma chini ya gunia la makala, mkaa wa kupikia, akaketi juu yake.

Ulimi hauna mfupa, wazee walisema, na ule wa Nyawera hauna hata breki. Kabla ya Jumapili kila meza ya sokoni ilikuwa na habari. Maîtresse Eulalie ni mulozi. Maîtresse hakumtaka binti, alitaka kumharibu. Mmoja akakumbuka mtoto aliyewahi kuanguka kifafa darasani kwake. Wengine wakawatoa watoto wao kwenye darasa lake, na mwenye kioski karibu na shule akakataa kupokea chupa tupu aliyoirudisha Eulalie, akiogopa kuigusa. Placide alikuja kwa Venant, hakufunguliwa mlango. Venant alishasema: ng'ombe wa mahari watarudi kwao, na kama Bukavu ingekuwa bado na desturi za zamani, huyo mama angefukuzwa kwa mawe.

Na Agathe? Ah, Agathe alikuwa anauza vitenge. Waliokuja mezani kwake walimpa pole, wakamsifu kwa uvumilivu, wakanunua kwa huruma. Kila pole ilimuingia kama mwiba chini ya kucha. Siku moja Eulalie mwenyewe alipita, mkoba wa shule begani, na soko likamfungulia njia pana, kila mtu anavuta sketi na vikapu vyake asiguswe. Alipofika mbele ya meza ya Agathe akasimama.

"Mutoto anaendelea namna gani?"

Hakuuliza juu yake mwenyewe. Agathe alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Bado," akasema, na Eulalie akatikisa kichwa, akaenda. Mwenye meza ya jirani akatema mate nyuma yake. Agathe alitamani yale mate yamwangukie yeye usoni, akaendelea kukunja kitenge.

Jumamosi alikwenda kanisani kuungama. Akapanga mstari, akasogea, mpaka akabaki nyuma ya mama mmoja tu. Ndipo akaona ujanja wake mwenyewe. Padri atamsamehe, naam, lakini padri hatashuka Nyawera kupita meza kwa meza akisema Eulalie hana kosa. Alikuwa amekuja kujitua mzigo yeye peke yake na kumwacha mwenzake chini ya wake. Akatoka kwenye mstari. Jumapili hakukomunika, na watu wakasema ni huzuni.

Jioni zote alimhudumia Colombe. Alimuosha kwa maji ya uvuguvugu, akampulizia mashavu kama alivyofanya akiwa mtoto. Colombe alimshika mkono, akamwambia, "Tantine, bila wewe ningekufa na hii maumivu." Huwezi kumpiga mtu kofi kali kuliko hilo.

Hatimaye familia zikakaa. Ilikuwa mchana, sebuleni kwa Venant, watu mpaka madirishani. Upande mmoja Venant na ndugu zake, upande mwingine Eulalie na Placide, wawili tu, wengine wa kwao waliogopa kuja. Colombe aliketi kwenye kona, amejifunika khanga usoni. Katikati, juu ya meza, kile kibuyu.

Desturi yetu kila mtu anaijua: anayempa mgeni kinywaji anaonja kwanza, ili mgeni anywe na moyo mweupe. Venant akasema, "Maîtresse, onja ile ulituletea."

Eulalie hakubisha. Alivua miwani, akaingiza vidole kwenye kibuyu, akajipaka paji la uso, mashavu, shingo. Kisha akavitia vidole mdomoni, akavilamba. Placide aliangalia chini. Watu wakangoja. Uso wa Eulalie ulibaki ule ule, unang'aa tu kwa mafuta.

Basi imekwisha, utasema. Wapi! Mzee mmoja wa upande wa Venant akacheka kwa pua. "Dawa ya mulozi haimukulake mulozi mwenyewe," akasema, na chumba kizima kikaitikia eeh. Ndivyo hivyo. Akivimba, ni mulozi. Asipovimba, ni mulozi zaidi. Eulalie alijaribu kuvaa miwani yake, vidole vyenye mafuta vikateleza, miwani ikaanguka. Aliinama kuitafuta sakafuni na hakuna aliyemsaidia isipokuwa mwanawe.

Agathe akasimama. Hakujua kwamba atasimama. Akachota mafuta ya kibuyu, akajipaka mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, mbele ya wote. Kisha akatoka. Wakamsikia jikoni akiburuta gunia. Akarudi ameshika nusu ya jani, jeusi kwa vumbi la makala, akalibonyeza kwa nguvu mpaka maji yakachuruzika, akajisugua mkono wa kushoto. Akasugua kama anayesugua sufuria.

"Dada, unafanya nini?"

"Mungojee," akasema.

Wakangoja. Mkono wa kulia ulibaki mkono. Wa kushoto ukaanza kuwa mwekundu, kwanza kwa madoa, halafu madoa yakaungana. Agathe alikuwa anauma midomo, jasho linamtoka, lakini hakujikuna. Vipele vikainuka pale pale, watu wakiona, kwa namna ile ile vilivyokuwa kwenye mabega ya Colombe. Kule dirishani mtu akasema, "Yesu wangu."

"Mafuta haina kosa," Agathe akasema. "Maîtresse hana kosa. Hii si mushubiri. Ni sizali, mukonge ya urembo, nilikata ku Muhumba. Mushubiri ya mama niliitupa mimi, na nilisikia haya kuomba kwa yule mwenye aliiokota. Njo mimi nilimuchoma mutoto. Na niliwaacha mumwite huyu mama mulozi."

Venant aliinua mkono, na Mungu ndiye aliyemshika usishuke. Lakini sauti iliyomkata Agathe haikuwa ya kaka yake. Ilitoka kwenye kona, chini ya khanga.

"Tantine, ulijua tangu lini?"

Angeweza kusema tangu asubuhi ile, alipoona uvimbe. Ingekuwa nusu ya ukweli, na nusu alikuwa ameshaishi nayo ya kutosha.

"Tangu sijaanza kukupaka. Mukono yangu ilikuwa inawasha."

Colombe aligeuza uso wake ukutani.

Eulalie akainuka, akatoka nje bila kuaga, na Placide nyuma yake. Watu wakaguna: amekwenda, na ana haki. Lakini baadaye mlango ukafunguliwa, akaingia amekumbatia pot ya udongo, na ndani yake mshubiri umejaa, umezaa vipukizi pande zote, mnene kuliko ulivyokuwa kwa Mama Adélaïde. Alikata jani moja la chini, akalisimamisha ndani ya kikombe, utomvu wa manjano ukashuka taratibu mpaka ukakoma. Akaosha jani, akamenya, akakaa mkekani karibu na Colombe na kuanza kumpaka ute ule baridi, shavu kwa shavu.

"Sasa inachoma?"

"Hapana, mama."

Ng'ombe hawakurudi. Colombe alipona taratibu. Malengelenge yakakauka, ngozi mpya ikaja, laini, na arusi ikasogezwa mbele ili impe nafasi. Lakini Colombe mwenyewe alisema nani amshughulikie mpaka siku ya kutoka, na alimtaja Eulalie. Haijawahi kuonekana Nyawera, mama mkwe kushika kazi ya shangazi. Hakuna aliyebisha, na Agathe hata kidogo.

Alichojipa yeye ni jikoni. Kila siku alikata jani, akalisimamisha kikombeni, akangoja manjano yote yashuke, hakuliharakisha. Sokoni alikwenda meza kwa meza, akasema kwa mdomo wake kile alichokifanya, wengine wakamsikiliza, wengine wakampa mgongo. Mkono wa kushoto aliuacha ulivyo. Ulikuwa umefanya vidonda, na kila aliyemwambia apake kitu alimjibu kwamba dawa ni ya mtoto. Alipeleka vipande vilivyomenywa kwenye mlango wa chumba, akagonga, mlango ukafunguliwa kidogo, mkono wa Colombe ukapokea sahani. Hawakusemeshana.

Siku ya arusi ikafika. Nje watu wamejaa, ngoma imeshaanza, Placide amesimama na suti yake ya abacost inayombana shingo, na wanawake wanaita bibi arusi atoke. Agathe alipeleka sahani ya mwisho, akagonga. Mkono ukatoka, ukapokea. Akageuka kurudi jikoni, lakini mlango haukufungwa. Mkono ukatoka tena, umeshika kipande kimoja cha mshubiri, kibichi, kinadondosha ute.

"Ya mukono yako, tantine."

Agathe alikitazama. "Ile ni yako, mwanangu. Mimi bado."

Nje waliita mara nyingine, na ngoma ikaongezwa. Ndani sauti ya Colombe ikasema polepole:

"Paka. Sitoki mpaka upake."

Wimbo ulikuwa umekwisha kuanza, kila mtu akiuangalia mlango. Agathe akapokea kile kipande. Akakunja mkono wa gauni lake la kitenge, akaanza kujipaka.